Mgongo wa Kuku wa Krismasi

Kabla sijaanza, hebu nikutegee. Nyumba nzima imebebwa na nguzo moja. Nguzo hiyo iko nyuma ya mwenye nyumba mchana na usiku, na mwenye nyumba ataishi mpaka azeeke bila kuiona. Ni nini? Usikimbilie kuniambia boriti. Fikiri kidogo. Katika mchezo wetu anayeshindwa humpa mtegaji mji, mtegaji akiupokea ndipo hutoa jibu, lakini wewe sitakudai mji. Jibu utaliona mwenyewe kwa fundi Nthoki, maana huko ndiko mambo haya yalikoanzia.

Nthoki alikuwa na cherehani yake sokoni Jericho, hapa Nairobi, karibu na pale wanapouza dagaa wa omena. Mwezi wa kwanza kila mwaka alikuwa hapati hata nafasi ya kumaliza chai yake, kwa sababu ya yunifomu. Mwaka huo ulikuwa themanini na nne, ule ambao baadaye mvua ilikataa tukala unga wa mahindi ya njano. Nilimpeleka mjukuu wangu Apondi akapimwe gauni la shule, la zamani lilikuwa limemkimbia magotini. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa anarefuka kama mtu aliyeahidiwa kitu huko juu.

Gauni lilipokuwa tayari Nthoki akamvika, akapiga magoti kupanga pindo, pini mdomoni.

"Simama wima, mama."

"Nimesimama."

"Umesimama kama mtu anayesubiri basi. Wima!"

"Fundi, nimesimama wima!"

Nthoki akatoa pini mdomoni. Akapima upande wa kulia, akapima wa kushoto. Akavuta kitambaa, akakiachia. Pindo lilikuwa limepanda upande mmoja. Nikamcheka, nikamwambia leo mkasi umekutoroka. Hakucheka. Akamzungusha mtoto, akafungua vifungo vya nyuma, akamwambia ainame kama anayeokota kitu. Kisha akaniita kwa sauti ya chini.

"Dani wake, njoo uone. Sikukosea kukata."

Apondi alikuwa ameinama. Uti wa mgongo wake ulishuka vizuri kutoka shingoni, halafu katikati ukaenda kando, kama njia ya miguu inayokwepa kisiki, halafu ukarudi. Na upande wa kulia mbavu zilikuwa zimeinuka, ungedhani mtu amemfichia bakuli chini ya ngozi.

Basi hilo ndilo jibu la kitendawili changu. Mgongo wa mwenzako utauona, wako hutauona. Mtoto alikuwa anaoga peke yake na kuvaa peke yake, na hakuna aliyekuwa amemtazama mgongo tangu alipoacha kuogeshwa kwenye karai.

"Unauma?" nikamuuliza.

"Hauumi, Dani. Kuna nini?"

Nikamwambia avae twende nyumbani.

Nyumba yetu ni ya kanjo, yaani ya baraza la jiji. Niliingia humo na mume wangu akiwa kazini reli, na alipofariki, mwanangu Walter akaichukua, yeye na mkewe Jecinta. Jecinta kwao ni Murang'a, sisi kwetu ni Siaya, kwa hiyo lugha ya nyumba ikawa Kiswahili, na mimi nikawa Dani wa watu wote, hata watoto wa jirani ambao hawajui kwamba neno hilo kwetu ni nyanya tu. Jecinta alikuwa anauza sukuma wiki na nyanya za kupika, na alikuwa na ulimi wa sokoni, mkali na wa haraka, lakini moyo hauna uchoyo.

Sasa kazi ya Walter. Hii usiipite, maana bila hiyo hutaelewa kilichotupata.

Walter alikuwa mlisha wanyama katika maabara moja, upande wa pili wa mji. Wanyama wenyewe ni kuku. Majirani walikuwa wakimtania, "Walter, umevuka mji mzima kwenda kulisha kuku, na mama yako anao hapa nyuma ya nyumba!" Naye alikuwa anawajibu kwa majivuno kidogo kwamba wale si kuku wa mchuzi, ni kuku wa elimu. Daktari wake, kijana mmoja aitwaye Thuo, alikuwa anatafuta kinachofanya migongo ya watoto ipinde wakiwa wanakua. Mtoto huwezi kumpinda ili uone anavyopinda. Kwa hiyo alichukua vifaranga.

"Kwa nini kuku?" nilimuuliza Walter zamani, alipoanza kazi hiyo. "Kwa nini si mbuzi?"

"Mbuzi amelaza mgongo wake kama daraja, Mama. Kuku anatembea kwa miguu miwili. Anausimamisha, kama sisi."

Na hivi ndivyo walivyokuwa wakifanya, Walter alituambia mezani tukiwa tunakula. Kifaranga akiwa bado ana manyoya ya njano, daktari anamlaza usingizi, anafungua kichwa kidogo sana, anatoa tezi moja iliyo ndani, ndogo kama punje ya mtama, anafunga. Kifaranga anaamka, anakula, anakua kama wengine. Lakini baada ya muda wengi wao wanaanza kupinda mgongo. Hakuna aliyewagusa mgongo, wameguswa kichwa tu, na mgongo unakwenda kando wenyewe. Apondi alikuwa anapenda sana kuisikia habari hiyo. Siku moja babake alimpeleka huko akawaona.

Walter aliporudi kutoka kazini jioni ile nilimwambia alichokiona Nthoki. Alimwita mtoto, akamwinamisha, akapitisha kidole gumba juu ya uti wake, kifundo kwa kifundo, polepole. Nilijua mara moja kwamba kidole hicho kimezoea. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwafanyia kuku wake kila asubuhi. Kilipofika pale katikati kikasimama.

"Nimepinda, Baba?" Apondi akauliza, kichwa kikiwa bado chini.

"Inuka, nyathina," akasema. Ni kama kusema mwanangu.

Jecinta alikuwa mlangoni na mzigo wake wa sokoni kichwani. Alikuwa ameona yote. Akautua mzigo, akakaa juu yake.

"Baba Apondi. Yule kuku wa Krismasi alikuwa na kovu kichwani."

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo. Krismasi iliyokuwa imepita, kazi ya mwaka huo ilikuwa imekwisha huko maabara, na kuku wazima waliobaki daktari akawaruhusu wafanyakazi wawachukue. Walter alikuja na wawili wamefungwa miguu. Mmoja tulimla siku yenyewe. Wa pili nilimwomba mimi, nikamweka bandani kwangu atage, na kwa vile alikuwa anatembea kifua mbele kama mke wa chifu, nikamwita Madam.

"Kovu gani?" Walter akasema.

"Usiniulize kovu gani. Nani alimnyonyoa? Wewe? Nilimtia maji ya moto, nikamnyonyoa kichwa, nikaona mstari hapa juu." Akajigusa utosini. "Nikasema labda alidonolewa na mwenzake. Kumbe!"

"Jecinta, wale walikuwa wazima. Walifunguliwa lakini hawakutolewa kitu."

"Ati nini?"

"Wanafunguliwa, halafu wanafungwa. Bila kutolewa kitu."

"Mtu anafungua kichwa cha kiumbe cha Mungu, anachungulia, anafunga. Alikuwa anatafuta nini humo, sarafu?"

Ningecheka siku nyingine. Lakini Jecinta hakuwa anatania. Akageuka kunitazama mimi, akamtazama mumewe tena.

"Na ulimpa mgongo, Walter. Mgongo!"

Nyumbani kwetu finyango za kuku zina wenyewe. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Paja ni la mgeni, na kama hakuna mgeni ni la Jecinta. Shingo ni yangu kwa sababu nina subira nayo. Na mgongo ni wa Apondi, tangu alipoota meno, anapenda kuuchokoa mfupa mmoja mmoja mpaka unabaki mweupe. Siku ya Krismasi ni Walter anayegawa, na alimgawia mtoto wake mgongo kama kila mwaka. Tena alimtania, akamwambia, kula mgongo uwe na mgongo.

Sasa maneno hayo yalirudi yakakaa katikati ya chumba.

Siku zile kulikuwa na kliniki ya mifupa katika hospitali ya mjini, na Daktari Thuo alikuwa akifanya kazi huko pia. Walter alimwambia, naye akasema mtoto apelekwe bila kuchelewa, kwa sababu mtoto anayerefuka haraka hupinda haraka, na mwili ukishamaliza kukua hakuna la maana litakalofanyika. Huko kliniki mtoto hutengenezewa mkanda wa ngozi na vyuma unaomshika kutoka kiunoni mpaka kidevuni, asizidi kupinda. Jecinta akasema mtoto wake hataguswa na mtu yeyote anayejuana na kuku wale. Alikuwa amesikia habari za mama mmoja wa mtaa wa Mukuru kwa Njenga anayekanda migongo. Unalala kifudifudi, anakupandia kwa magoti, anaisukuma mifupa mpaka ilie.

"Ikilia imerudi," Jecinta akasema.

"Au imevunjika," nikasema mimi.

"Basi Mama, wewe unasemaje? Tukae tumtazame?"

Nilisoma mpaka darasa la sita tu, na huko tulifundishwa mifupa kwa kuimba.

Apondi mwenyewe alikuwa anayasikia yote haya, nyumba ya vyumba viwili haina siri. Jioni, baada ya kula, tulikuwa na desturi ya kutegeana vitendawili, mimi na yeye, na babake akisikiliza nyuma ya gazeti. Jioni moja akasema hataki kunitegea mimi.

"Baba. Kitendawili."

"Tega," Walter akajibu, bila kushusha gazeti.

"Kuku akishapinda, hunyooka tena?"

Gazeti likabaki palepale.

"Hicho si kitendawili," babake akasema mwishowe.

"Kwani hujui jibu?"

"Nakupa mji. Nakupa Kisumu."

"Kisumu sitaki."

"Nakupa Nakuru."

"Baba, sitaki mji. Nataka jibu."

Walter akainuka akasema anakwenda kufunga banda. Banda nilikuwa nimeshalifunga.

Tangu siku hiyo mtoto akawa na neno moja. Ukimwambia kliniki, anasema, "Baba akinijibu nitaenda." Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali. Nilimwambia hospitali hawakati watu vichwa, kama hilo ndilo linalomtisha. Akasema halimtishi. Kisha usiku akaniuliza kama kichwa kikifunguliwa huuma, basi nikajua linamtisha sana. Lakini zaidi ya hilo kulikuwa na lile swali. Alikuwa amewaona wale kuku kwa macho yake, wamekaa upande, bawa moja chini. Alitaka kujua mwisho wao, na mtu mmoja tu katika nyumba yetu alikuwa anakaa nao mpaka mwisho.

Huko nje nako habari ilikuwa imeshatoka. Nthoki aliapa si yeye. Watoto wa mtaa wetu walikuwa wanamngoja Apondi kwenye bomba la maji.

"Sasa, kuku! Leo umetaga mangapi?"

"Apondi, kokorika kidogo tusikie!"

Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili aliwajibu, "Nimetaga sita, mamako amekuja kununua kwa deni," na hawakumrudia kwa siku kadhaa. Lakini mayai yangu ndiyo hayakununuliwa. Mama mmoja wa kanisani kwetu, mwenye heshima zake, alilichukua yai la Madam akaliweka juani akalichungulia, akalirudisha.

"Si kwamba nina shaka, Mama Walter," akasema, "ni watoto tu."

Jecinta akataka Madam achinjwe atupwe, asiliwe hata na mbwa. Asubuhi aliyochukua kisu, Madam hakuwepo bandani. Tulimtafuta mpaka kwa jirani. Baadaye nikasikia kitu kinakuna ndani ya sanduku la nguo la Apondi, chini ya kitanda. Nikafunika kanga juu, nikaendelea na kazi zangu.

Nilichofanya ni kumwambia Walter, mlete huyo daktari. Asitume salamu, aje mwenyewe, anywe chai hapa, mkeo amwone uso. Walter aliona aibu. Daktari kuja Jericho kuulizwa habari za mchuzi! Nikamwambia kuku alitoka kwake, na amfuate.

Akaja Jumapili baada ya kanisa. Kumbe alikuwa kijana tu, miwani, mikono midogo misafi. Jecinta alimwamkia kwa heshima, akamkaribisha kwa Kikuyu, akamtilia chai, kisha akakaa mbele yake kama mtu aliyekalia kiti cha hakimu.

"Daktari, kuku uliyempa mume wangu alikuwa na kovu kichwani."

"Ndiyo, mama. Wote waliotoka kwenye vizimba vile wana kovu."

"Kwa nini ufungue kichwa usitoe kitu?"

Daktari alianza kueleza, na maneno yake yalikuwa mazuri, ila yalikuwa ya darasani. Jecinta alikuwa anakunja uso. Mimi nilikuwa nageuza chapati, na nikiwa hapo jikoni, kitu kikaniingia.

"Ngoja," nikasema. "Jecinta, mboga imeharibika, unashuku chumvi. Lakini pia uliifunua, ukaingiza mwiko, moshi ukaingia. Utajuaje kama ni chumvi au ni moshi? Unapika sufuria mbili. Zote unazifunua, zote unazikoroga. Moja unatia chumvi. Ya pili unafanya mkono hivi, kama unayetia, na hutii. Ikiharibika ya chumvi tu, basi ni chumvi. Wewe daktari, wale uliowafungua bila kutoa kitu ni ile sufuria ya pili?"

"Ndiyo hasa," daktari akasema. "Wangepinda na wao, tungejua ni kisu chetu. Hawakupinda."

"Na hawakutiwa dawa?" Jecinta akauliza.

"Ya usingizi tu, wakiwa vifaranga. Miezi mingi kabla ya Krismasi."

Jecinta akafikiri. "Huyo aliyeliwa ameliwa. Nani atanionyesha alikuwa amenyooka?"

Hapo Apondi akainuka bila kuambiwa, akaingia chumbani, akarudi na Madam kwapani. Mamake akamtazama, akanitazama mimi. Mimi nikatazama chapati.

"Huyu ni ndugu yake," Apondi akasema. "Ametoka kizimba hichohicho. Pia ana kovu."

Daktari akampokea vizuri, kama mtu aliyezoea, akamtandaza mapajani, akapitisha kidole. Kisha akamshika Jecinta mkono, taratibu, akakiweka kidole chake palepale. Kovu kichwani, mstari mwembamba usio na manyoya. Na mgongo umenyooka kama uzi wa fundi ujenzi. Jecinta alipitisha kidole mara ya pili peke yake. Madam akamnyea daktari suruali.

Tulicheka sote, hata Jecinta, kicheko cha pua. Nikaleta kitambaa. Nikasema na mimi nilikula shingo ya yule mwingine, Jecinta alikula mapaja yote mawili, kwa hiyo kama ugonjwa huo unaliwa, basi mimi shingo ingekuwa inatazama nyuma, na Jecinta tusingejua angekuwa anatembeaje.

"Mama!" Jecinta akasema, lakini alikuwa amelegea mabega.

Kisha akauliza lile lililokuwa chini ya yote. "Basi ni nini kilichompinda mtoto wangu? Ni ndoo za maji? Nilimbebesha ndoo."

"Si ndoo, mama. Nina watoto kliniki ambao hawajawahi kubeba ndoo."

"Ni nini, basi?"

"Sijui," daktari akasema. "Hakuna anayejua bado. Ndiyo maana ninafuga kuku."

Nilidhani Jecinta atamrukia. Badala yake alichukua birika akamwongezea chai. Baadaye aliniambia kwamba katika watu wote waliomwambia habari za mgongo huo, sokoni na kanisani na kule Mukuru, huyo ndiye peke yake aliyesema hajui, na ndipo alipomwamini.

Apondi alikuwa bado amesimama. Akamwuliza daktari lile swali lake.

"Kuku akishapinda, hunyooka tena?"

Daktari akafungua mdomo. Akamtazama Walter, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Sijui aliona nini. Akafunga mdomo.

"Babako ndiye anayewaamsha na kuwalaza," akasema. "Muulize yeye. Akikujibu, Alhamisi nitakuwa kliniki asubuhi. Nitakungoja."

Jumatatu Walter alitoka kwenda kazini kabla mtoto hajaamka. Jumanne alimpa mtoto Mombasa. Jumatano alimpa Nairobi yenyewe, pamoja na Jericho, na Apondi akamwambia Jericho tayari anakaa. Nilimfuata Walter nyuma ya nyumba, alikuwa anakaza seng'enge ya banda ambayo haikuwa imelegea.

"Kwa nini humjibu mtoto?"

"Nitamjibu nini, Mama? Unajua jibu."

"Silijui. Mimi najua mchuzi."

Hakuinua macho. "Nikimwambia, hatakwenda. Nani ataenda hospitali akishaambiwa hivyo? Na nikimdanganya, siku moja atajua. Alishawaona."

Nikamwacha na seng'enge yake. Mtu mzima ana mahali pake anapopaswa kufika mwenyewe. Lakini Jecinta, aliyekuwa anaanua nguo upande wa pili, alisikia, naye hana subira ya namna hiyo.

"Alhamisi ni kesho," akasema kupitia shuka. "Mtoto asipoenda kwa daktari kesho, keshokutwa ninampeleka Mukuru. Sitakaa na mtoto anayepinda huku baba yake anagawa miji."

Alhamisi tuliamka mapema. Jecinta alikuwa ameacha soko. Apondi alikuwa amevaa lile gauni jipya la shule, Nthoki alikuwa amelishona upya, pindo la upande mmoja ameliteremsha kidogo ili machoni lionekane sawa, na hakutaka malipo. Mtoto alitoka nje vizuri tu. Nikashukuru. Kisha akakaa juu ya jiwe la banda, mikono mapajani, akamtazama babake.

"Basi litatuacha," Jecinta akasema.

"Baba. Kitendawili."

Walter alikuwa ameshika mfuko wa hospitali. Watoto wa bombani walikuwa wamesimama na mitungi yao, hawakusema kokoriko wala nini. Madam alikuwa anadonoadonoa karibu na viatu vya Walter, kifua mbele, kama hajui ni kwa ajili yake mambo yote haya.

"Tega," Walter akasema.

"Kuku akishapinda, hunyooka tena?"

Akauweka mfuko chini. Akachuchumaa mbele ya mtoto mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Hapana," akasema. "Sijaona hata mmoja aliyenyooka. Wanazidi kupinda mpaka mwisho."

Apondi hakulia. Aliendelea kumtazama.

"Lakini wale tunawaacha wapinde, ili tuone," Walter akasema. "Sijawahi kumfunga kuku mkanda. Hakuna aliyewahi kumshika hata mmoja asiende zaidi ya pale alipofika. Wewe utashikwa. Hutarudi kunyooka kama Madam, sitakudanganya. Lakini hutakuwa kama wao, kwa sababu wewe hatutakuacha."

Apondi akainuka, akauchukua mfuko wa hospitali, akatangulia kwenda kituoni.